Habari za Kibwawani

Torfi alipofungua mlango wa kutokea nje, kwenye bwawa la kuogelea la mji, nyayo tupu zikikanyaga sakafu iliyoganda, aliwasikia wenzake wakizungumza ndani ya mvuke. Sauti zote tatu alizijua. Skúli alikuwa akifoka kama kawaida yake, Oddný akimkatiza, na Ketill akiguna. Torfi akakaza mwendo. Asubuhi hiyo alikuwa na lake la kusema kuhusu Greenland, na alikuwa amelipanga kichwani tangu alipokuwa akijisugua sabuni bafuni. Alitaka kulisema kabla Skúli hajamwahi.

Alipotia mguu kwenye maji ya moto ya kibwawa kilicho kando ya bwawa kubwa, wote watatu wakanyamaza.

"Upepo leo wa kaskazini," alisema Oddný.

"Kaskazini mashariki," alisema Ketill.

"Kesho utageuka," alisema Skúli, akitazama mlima.

Torfi aliketi mahali pake, maji yakamfika shingoni, kisha akageuza kichwa huku na huku akimtafuta mgeni. Katika kibwawa kile hali ya hewa ilizungumzwa tu akiwepo mtu wa kuja, mtalii wa Kijerumani kwa mfano, au mchungaji mpya. Ilikuwa heshima ya kumpa mtu asiyehusika. Wenyewe kwa wenyewe walizungumza vita, uchaguzi, bei ya samaki, wafalme wa Ulaya na watoto wao, na yule bwana wa Marekani aliyetaka kuinunua Greenland kama mtu anayenunua jokofu. Torfi hakuona mgeni yeyote. Hapo ndipo alipoelewa kuwa mgeni ni yeye.

"Jamani, kafa nani?" aliuliza.

Skúli alikuwa ameendesha greda la kuondoa theluji maisha yake yote, na hakuwa amejifunza kupita kando ya kitu. "Bado hajafa mtu," alisema. "Mwulize binti yako nani anafuata."

"Skúli!" Oddný alimkemea. Alikuwa mkunga mstaafu na nusu ya mji ilikuwa imepita mikononi mwake, Hugrún binti Torfi akiwemo.

"Skúli nini? Kwani siri? Iko kwenye ajenda ya halmashauri, imewekwa jana. Bwawa linafungwa Mwaka Mpya mpaka Siku ya Kwanza ya Kiangazi, Aprili huko. Umeme wa kuchemsha maji eti umekuwa mzigo. Na aliyeleta hoja ni mheshimiwa mwenyekiti, anayelala chumba cha pili kutoka kwa huyu bwana." Akamgeukia Torfi. "Usituambie hukujua."

Torfi alihisi uso ukimwaka, na haikuwa joto la maji. Kila asubuhi, kwa miaka mingi, yeye ndiye aliyekuja na habari. Alikuwa fundi redio wa Skorravík, mji wao mdogo, tangu redio zilipokuwa na ukubwa wa kabati, na watu walikuwa wamezoea kuiambia dunia ingoje mpaka Torfi aisikie kwanza. Leo habari ilikuwa imetoka jikoni kwake mwenyewe, ikamzunguka, ikafika kibwawani kabla yake. Akaona ana aibu mbili za kuchagua, ya kujua na kuficha au ya kutoambiwa na mwanawe.

"Nilijua," alisema.

Papo hapo akajua amechagua vibaya.

"Alijua!" Skúli alipiga maji kwa kiganja. "Wiki nzima anatupigia kelele za Greenland, na huku nyumbani kwake tunasukiwa njama! Haya bwana. Haya."

Ketill, mzee aliyeishi peke yake kule juu karibu na makaburi, alimtazama Torfi kwa huzuni. Oddný alifumba macho kama anayepumzika. Kisha Skúli akarudia kuhusu upepo, kwamba kesho utageuka, na safari hii hakuna aliyemjibu.

*

Jioni Torfi alimenya viazi bila kuimba. Hugrún aliingia saa ya taarifa ya habari, akavua viatu, akatundika koti. Katika nyumba hiyo taarifa ya jioni ilisikilizwa kama ibada. Tangu mama yake alipokuwa hai, mtoto aliyetamka neno huku mtangazaji akizungumza alitazamwa kwa jicho lililomtosha. Samaki alikuwa mezani na siagi ilikuwa imeyeyuka. Mtangazaji alikuwa bado hajamaliza habari ya kwanza pale Hugrún aliponyoosha mkono na kuizima redio.

Torfi aliduwaa. "Umefanya nini?"

"Nani kakwambia?"

"Skúli. Niko uchi ndani ya maji, mbele ya watu, na Skúli ananisomea habari za nyumba yangu."

"Nilitaka kukwambia leo, Baba."

"Leo! Mji mzima umeambiwa jana."

Hugrún alikaa. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mwili mkubwa kama wa baba yake, na mikono ya mama yake isiyotulia. Alichukua kiazi, akakirudisha. "Ningekwambia juzi, kufikia saa tatu asubuhi ya jana hata wachimba kaburi wangekuwa nayo. Nakosea?"

Torfi alisogeza mfupa wa samaki ukingoni mwa sahani.

"Nakosea, Baba?"

"Mimi si mbea."

"Wewe ni kituo cha redio." Alisema bila kucheka. "Nisikilize basi. Paa la nyumba ya wazee linavuja. Upande mzima wa mashariki umefungwa, vyumba vina kuvu, na wazee wetu tunawapeleka ng'ambo ya mlima wakafe kwa watu wasiowajua. Fedha za kutengeneza hazipo. Nimetafuta kila mahali. Pesa inayoteketea kila siku ni ile ya kuchemsha maji ya bwawa majira ya baridi. Kwingine ardhi inawapa maji ya moto bure, sisi ardhi yetu imetunyima. Ningefanyaje?"

"Bwawa lile tulilijenga kwa mikono," alisema Torfi. "Halmashauri haikutoa hata msumari. Mimi nilibeba saruji mgongoni. Mama yako alikuwa na mimba yako, na bado alituletea kahawa kwenye kopo la maziwa."

"Najua."

"Hujui. Ulikuwa tumboni." Enzi za uhai wake, Lauga mkewe alikuwa akikaa mkabala naye kibwawani, nywele zake zimefungwa kitambaa cha bluu, na kila Torfi alipozidisha maneno alimkanyaga mguu chini ya maji. Siku ile wakuu wa mataifa mawili makubwa walipokuja kukutana Reykjavík, kwenye mji mkuu, Skorravík nzima ulijazana kwenye karakana yake kusikiliza redio, kisha wote wakahamia bwawani, wakakaa majini mpaka vidole vikajikunja, wakibishana kama dunia imepona au haijapona. Lauga alisema haijapona, lakini imepata usingizi. Watu walilirudia neno lile mwaka mzima. Siku hizo mtu alikuwa akisema jambo na jambo lenyewe likawa na uzito. "Ulikuwa tumboni," alirudia. "Na sasa umekuwa mwanasiasa kama wenzako. Unafanya mambo gizani halafu unatusomea ajenda."

Hugrún aliweka uma chini taratibu.

"Nimekua nikila kwenye meza hii," alisema. "Kila jioni, redio ikizimwa, ulituambia nani mwizi na nani mjinga. Mawaziri wote, wabunge wote, mwenyekiti wa halmashauri yule mzee na mkewe. Tulicheka, maana ulikuwa unachekesha. Usiku ule nilipochaguliwa, watu walinipigia makofi, na mimi nilikuwa nikijiuliza, sasa Baba ataniweka fungu gani. Basi leo nimejua."

Aliondoka bila kula. Torfi akawasha redio. Ilikuwa imefika kwenye hali ya hewa.

*

Mkutano wa halmashauri ulifanyika ukumbini, na watu walikuja na watoto wao kana kwamba ni Krismasi. Torfi aliketi nyuma, karibu na mlango, mahali ambapo hakuwahi kuketi. Oddný alimpungia mkono kwa mbali. Skúli hakumpungia.

Hugrún alieleza kwa karatasi zake, kwa sauti iliyonyooka mno. Alieleza paa, vyumba, umeme. Alisema maneno kama "uendelevu" na "vipaumbele," na Torfi, aliyekuwa amekusudia kukaa kimya, alijikunja kwenye kiti. Sema kuvu, alimwambia kimoyomoyo. Sema wazee wanakufa kwa watu wasiowajua. Lakini yeye alisema tena "vipaumbele," na watu wakaanza kukohoa.

Kisha akainuka Skúli.

"Mimi si msomi," alianza, na Torfi alijua kuwa huo ndio mwanzo wa kuchinja. "Mimi nimesukuma theluji tu. Ila bwawani nimepata mwalimu. Mnamjua, yuko pale nyuma karibu na mlango, sijui anaogopa nini. Yeye alitufundisha kwamba mwanasiasa ni kama redio mbovu. Ukiipiga kofi inaongea, ukiiacha inakoroma." Ukumbi ukaangua kicheko. "Alitufundisha pia kwamba mwanasiasa akikwambia hana jinsi, ujue jinsi ameiweka mfukoni. Sasa namuuliza mheshimiwa mwenyekiti, hiyo ya mfukoni ni ya nani? Maana baba yake alijua siku zote akanyamaza. Wenyewe kwa wenyewe wanaambizana, sisi tunasomewa!"

Yalikuwa maneno ya Torfi mwenyewe. Aliyatunga akiwa amelala chali ndani ya maji, theluji ikimdondokea usoni, na alikuwa ameyaonea fahari. Sasa aliyasikia yakigonga ukuta na kumrudia, na mbele pale akamwona mwanawe akitabasamu kwa midomo huku masikio yakiwa mekundu. Alikuwa akifanya hivyo tangu darasa la kwanza, alipokuwa akikataa kulia.

Torfi akasimama. Hakuomba nafasi.

"Nimesimama kusema mawili," alisema. "La kwanza, mimi sikujua. Skúli aliponiuliza nilimdanganya, kwa sababu niliona haya kwamba mwanangu hakuniambia. Na hakuniambia kwa sababu ananijua. Mngekuwa na siri ya mji, nani kati yenu angenipa mimi niitunze?"

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi, lakini kicheko hiki hakikuwa na meno.

"La pili, nampinga. Hoja yake mbaya. Mzee akikosa pa kwenda asubuhi, hata umjengee paa la dhahabu atalala chini yake akihesabu mbao. Ningekuwa na kura ningeipiga dhidi yake, na nyumbani nimemwambia. Lakini hana kitu mfukoni. Nafua nguo zake, mimi ndiye ninayekagua mifuko."

Akaketi. Hugrún alikuwa akizitazama karatasi zake bila kuzisoma. Wajumbe wakapiga kura, na hoja ikapita kwa tofauti ya kura moja. Bwawa likafungwa Mwaka Mpya.

*

Skorravík haioni jua kuanzia Novemba. Mlima umesimama kusini mwa mji kama mtu aliyejisahau mlangoni, na nuru hupita juu ya mapaa bila kushuka. Miaka mingine Torfi hakulijali sana giza hilo, kwa kuwa asubuhi ilikuwa na maji ya moto na watu. Mwaka huu aliamka, akavaa, akakaa kitandani na soksi miguuni, asijue aelekee wapi.

Oddný ndiye aliyewaita wenzake kwenye kituo cha petroli, ambako kuna meza mbili na mashine ya kahawa. Walikuja wote wanne, wakavua kofia, wakatazamana. Hawakuwa wamezoeana wakiwa na nguo. Majini walikuwa vichwa vinne tu, vyenye haki sawa. Hapa Oddný alikuwa na koti la manyoya alilopewa na mwanawe wa Copenhagen, Skúli alikuwa na jaketi lenye doa la oili kifuani, na sweta ya Ketill ilikuwa imetoboka kiwikoni, wakatambua kuwa hakuna wa kuishona. Torfi alianza habari za vita. Skúli akajibu kwa adabu. Adabu ya Skúli iliwatia wote baridi. Kahawa ilipoisha, kila mmoja alikumbuka shughuli.

Walijaribu tena mara chache. Kisha Skúli akaacha kuja, akisema mgongo. Ketill naye alikuwa na njia ndefu ya kushuka na barafu. Torfi alibaki na redio yake. Aliisikiliza asubuhi, mchana na jioni, na habari zilikuwa kubwa kuliko miaka yote. Lakini habari isiyo na wa kubishana naye ilimkalia tumboni kama chakula kisichosagika. Zamani, ripoti ya meli za Waingereza kuvuka mpaka wa uvuvi ilimfanya akimbie mtaani na kiatu kimoja. Sasa alisikia kwamba dunia inaungua, akanyanyuka kuosha kikombe.

Yeye na Hugrún waliongea mambo ya nyumba tu. Chumvi imeisha, bomba linaganda. Hugrún alikuwa akirudi amechoka, na kuna siku Torfi alimkuta amesimama gizani sebuleni na koti lake, akitazama upande wa bwawa ambako taa zilikuwa zimezimwa. Alipita, akaweka sufuria jikoni.

*

Siku jua linaporudi, mwishoni mwa Januari, kila nyumba hupika chapati nyembamba za maziwa na kahawa, na watu hutoka nje na sahani mikononi kungojea. Mwaka huo lilijitokeza kwa dakika chache tu katika ufa wa mlima, likagusa mnara wa kanisa na mapaa ya juu, watoto wakapiga kelele, likaondoka. Torfi alikuwa ameshika sahani mbili. Ya pili ilikuwa ya Ketill. Mwaka hadi mwaka Ketill alishuka siku hiyo, akala chapati saba zenye sukari, akasema za Lauga ndizo zilikuwa chapati.

Ketill hakushuka.

"Mara ya mwisho mlimwona lini?" Torfi alimuuliza Oddný mtaani.

Oddný alifikiri, na uso wake ukabadilika. "Kibwawani tungejua kesho yake," alisema.

Torfi alipanda kilima cha makaburini na sahani yake akiwa ameifunika kwa kitambaa, akishika uzio kwa mkono mmoja. Taa ilikuwa ikiwaka dirishani, hilo lilimpa moyo. Aligonga. Akaita. Mlango haukuwa umefungwa. Ketill alikuwa sakafuni sebuleni, ubavu mmoja juu ya zulia lililojikunja, blanketi amelivuta kutoka kwenye kiti akajifunika nusu. Mguu ulikuwa umegeukia upande usio wake. Midomo ilikuwa ya rangi ya maziwa, macho yalikuwa wazi.

"Ketill! Umeanguka lini?"

"Jana," alisema Ketill kwa sauti ya kukwaruza. "Au juzi. Redio iko jikoni, sikusikia vizuri." Akameza mate. "Wameshainunua Greenland?"

Torfi alipiga magoti, akaikamata ile mikono ya baridi, akaanza kuisugua huku akilia na kucheka kwa wakati mmoja. "Bado," alisema. "Bado, bwana wee. Wenyewe wamekataa."

"Safi," alisema Ketill, akafumba macho.

*

Ketill alipasuliwa nyonga hospitalini ng'ambo ya mlima, akapona taratibu. Mjini, habari ilienea kabla helikopta ya kumchukua haijatua. Skúli alikuja mlangoni kwa Torfi, kwa mara ya kwanza tangu mkutano, theluji imemjaa kwenye nyusi.

"Sasa tunaye," alisema. "Andika wewe. Gazeti la mkoa litaichapa yote. Baba wa mwenyekiti ndiye aliyemkuta mzee sakafuni kwa sababu mwenyekiti alifunga bwawa. Mwezi haufiki, hayupo kwenye kiti."

"Tunaye nani, Skúli?"

Skúli alifungua kinywa, akamtazama Torfi, akashusha macho. "Mimi simchukii yule mtoto," alisema. "Nilimbeba kwenye greda alipokuwa mdogo. Alikuwa akipiga honi."

"Ingia unywe kahawa."

"Nimevaa mabuti."

"Yavue basi!"

Lakini Skúli alitikisa kichwa, akaenda zake.

Torfi alimkuta Hugrún ndani ya gari lake mbele ya nyumba, injini imezimwa, mikono kwenye usukani. Alifungua mlango wa pili, akaketi kando yake. Kioo kilikuwa kimeshaanza kuganda.

"Ni kwa sababu yangu?" aliuliza Hugrún.

Torfi alilitafuta jibu la kumtuliza. Alikuwa na maneno mengi maishani, na mengi kati yake yalikuwa mepesi. "Ketill anasema ni zulia," alijibu.

"Zulia limekuwepo miaka yote, Baba."

"Limekuwepo."

Hugrún akakikwaruza kioo kwa ukucha. "Bwawa lingekuwa wazi," alisema Hugrún, "angeanguka vilevile. Ila mngemkuta asubuhi hiyohiyo. Nimepiga hesabu hiyo kila namna. Na kule hospitali wanauliza atoke aende wapi, maana nyumbani hawezi tena peke yake. Na mimi nina upande wa mashariki, vyumba sita, rangi inakauka. Kimoja ni chake. Kama nisingefunga bwawa asingekuwa nacho. Sasa niambie, niko fungu gani?"

Torfi alinyoosha mkono, akamvua kofia kama alivyokuwa akimvua zamani akirudi shule, akampangusa theluji iliyobaki kwenye nywele.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Hilo fungu sikuwa nalo. Twende ndani, viazi vitavurugika."

*

Siku ya Kwanza ya Kiangazi ilikuja Aprili, theluji ikiwa bado imefika madirishani. Bwawa lilifunguliwa, na watu walisimama foleni tangu alfajiri, taulo shingoni. Kibwawani walikuwa watatu tu. Walizama mpaka kidevuni, wakahema kwa pamoja.

Kisha mlango ukafunguliwa, akatoka Hugrún, amevaa nguo ya kuogelea nyeusi, akitembea haraka kwa baridi. Alikuwa hajaonekana pale tangu achaguliwe. Alijitia majini kati ya Oddný na Skúli.

"Upepo wa kusini leo," alisema Oddný.

Torfi aliona shingo ya mwanawe ikikaza. Alijua vizuri neno lile lina maana gani.

"Achana na upepo, Oddný," alisema Torfi. "Mwenyekiti yuko hapa, hana karatasi, hana mfuko hata mmoja. Muulizeni!"

Skúli hakungoja kubembelezwa. Alianza na umeme, akaja kwenye barabara ya mlimani, akapanda hadi Umoja wa Ulaya. Hugrún akajibu. Skúli akapiga maji. Hugrún naye akapiga maji. Alisema kuvu, alisema wazee, alimwita Skúli kichwa cha kondoo, na Oddný akacheka mpaka akameza maji. Wakabishana hadi vidole vikajikunja, hawakukubaliana hata jambo moja, na Torfi, aliyempinga mwanawe mara nyingi kuliko wote, alitoka majini akiwa mwekundu na mwenye njaa.

Hakupitia nyumbani. Alivuka barabara, nywele zikimganda kichwani, akaingia nyumba ya wazee, upande wa mashariki ambako bado kulinukia rangi mpya. Ketill alikuwa ameketi kitandani, mto mgongoni, akingoja.

"Haya," alisema Ketill. "Skúli kasema nini?"

Torfi alivuta kiti. Akatanua kifua, akapiga hewa kwa kiganja, akawa Skúli, greda, barabara, Umoja wa Ulaya na yote. Akageuka kuwa Oddný, akacheka kwa sauti nyembamba na kupaliwa. Ketill akatikisika kwa kicheko, akishika nyonga yake. Kisha Torfi akanyoosha mgongo.

"Akajibu Hugrún," alisema, na sauti yake ikashuka, ikawa tulivu. "Akasema: 'Nyie mnadhani sikujua ninachowanyang'anya? Mimi nimezaliwa karibu na maji haya. Mama yangu alikaa hapa mwisho wa maisha yake, mifupa ikimuuma, na hapa tu ndipo maumivu yalipomwachia. Nilipofunga, nilijua nafunga hicho. Lakini kuna mtu anayelala chumba kinachovuja ambaye hafiki kibwawani wala hana wa kumsemea, na mwenyekiti anachaguliwa kwa ajili ya yule asiyekuwepo. Nitukaneni mtakavyo. Ningefanya tena, na ningeumia tena.'"

Ketill alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa akitazama juu ya bega la Torfi, kuelekea mlangoni.

Torfi akageuka. Hugrún alikuwa amesimama pale, koti wazi, nywele zikichuruzika maji, amebeba kifuko cha maandazi ya kusokota aliyomletea Ketill. Macho yalikuwa yamemjaa.

"Sikusema hivyo, Baba," alisema. "Nilimwita kichwa cha kondoo, basi."

"Najua," alisema Torfi, akimsogezea kiti. "Kaa, umweleze Ketill mwenyewe. Safari hii useme vizuri."